Mteja Ameelewa

Dirisha namba tatu lilifunguliwa saa mbili kasorobo kila asubuhi, na kazi ya kwanza ya mgawa dawa ilikuwa kufuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu pua za watu huacha alama. Halafu alipanga vikasha vya vidonge, akajaribu kalamu iliyofungwa kwa kamba kama bado inaandika, akavuta stuli, akaketi. Kuanzia hapo watu walimwona kutoka kifuani kwenda juu, na kwa kuwa ndivyo walivyomwona kwa miaka tisa, walimwita Bi Dirisha. Wapo waliokutana naye sokoni akiwa na miguu yake yote miwili, wakampita bila salamu.

Juu ya kioo palikuwa na vitu viwili: kamera, na tangazo la Kanuni ya Saba. Kanuni ilisema kwamba kila mfanyakazi anayemhudumia mteja atazungumza Lugha ya Huduma, tangu mteja anapofika dirishani hadi anapotoka getini, hata kama mteja mwenyewe anazungumza nyingine. Lugha ya Huduma ilikuwa lugha ya wenye hospitali, ambao hakuna aliyepata kuwaona. Katika watu kumi walioingia pale na maumivu yao, labda mmoja aliijua. Tangazo lenyewe liliandikwa kwa Lugha ya Huduma, hivyo waliohusika nalo zaidi hawakuwahi kulisoma.

Kanuni hiyo haikuwa na mchezo. Mwenzake wa dirisha namba moja aliandikiwa onyo kwa kumwambia "pole" mama mjamzito aliyegonga paji la uso kwenye kioo. Bi Dirisha mwenyewe alikuwa na maonyo mawili. La kwanza alilipata kwa kumwambia mtoto asilie, la pili kwa kuhesabu vidonge kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa lugha aliyofundishiwa kuhesabu na mama yake. Onyo la tatu halikuandikwa. Lilikuwa ni kukabidhi koti jeupe na kadi ya matibabu, na kwenye kadi hiyo ndiko yalikokuwa matibabu ya mama yake, ambaye presha yake ilipanda na kushuka inavyotaka yenyewe.

Msimamizi, mwanamume mwenye tai mbili alizozivaa kwa zamu, aliitwa Bwana Hadhi, kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa hadhi: hadhi ya dirisha, hadhi ya foleni, hadhi ya kukohoa. Kila mwezi makao makuu yalimletea mteja wa bandia, mtu mzima mwenye afya tele, aliyejikunja mbele ya kioo na kuongea lugha ya nyumbani kwa sauti ya kutia huruma ili aone nani atanaswa. Mtu huyo alilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Wateja wa kweli walijibu kwa namna moja tu. Bi Dirisha aliwaeleza dawa zao kwa Lugha ya Huduma, polepole, kisha akawauliza kwa lugha hiyo hiyo kama wameelewa, nao wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekataa. Kukataa pale, na foleni nzima iko mgongoni mwako, ni kutangaza kwamba hukusoma, na watu wa mtaa ule waliweza kuvumilia ugonjwa wowote kuliko aibu hiyo. Walikuja wamevaa nguo zao za maana kwa ajili ya dirisha. Bi Dirisha aliweka alama ya vema kwenye kisanduku kilichoandikwa "Mteja ameelewa", mteja akatia saini, akaondoka huku akiitikia.

Kichwa hakikuacha mara moja. Wengi waliitikia hadi getini, wengine hadi kituo cha basi, na wale waliopewa dawa za aina nne au tano waliitikia mpaka mlangoni kwao, ambako mtu wa nyumbani aliwauliza wameambiwa nini, na hapo kichwa kikasimama chenyewe. Mtaani hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtu akipita na kichwa kinakwenda juu na chini, watu husema huyo katoka hospitali, na kumpisha kwenye kijia asije akajikwaa.

Fundi viatu alikuja siku ya Jumatatu, akiwa na namba ishirini na saba. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole vilivyovimba kwenye viungo, jambo baya kwa mtu yeyote lakini kwa fundi viatu ni msiba. Kibanda chake kilikuwa mkabala na shule ya msingi. Ndiye aliyeshona viatu vya Bi Dirisha tangu alipokuwa darasa la pili, na mara nyingine alivishona bila kudai kitu, kwa maelezo kwamba uzi ulikuwa umebaki. Siku hiyo alivaa koti la kijivu na viatu vilivyong'aa kupita vya daktari.

Bi Dirisha alipaswa kumwambia shikamoo. Kooni ilikuwepo, imejaa kabisa. Akamtakia asubuhi njema kwa Lugha ya Huduma, kama mtu anayeongea na rika lake.

"Marahaba, binti yangu," alisema fundi viatu. Aliijibu ile ambayo haikusemwa, maana alimjua mtoto huyu na alijua amelelewa vipi.

Dawa yake ilikuwa vidonge vidogo vya manjano, vya kumezwa kimoja kwa wiki. Si kimoja kwa siku. Kimoja Jumatatu, basi, mpaka Jumatatu nyingine, na atakayezidisha inamgeukia sumu. Bi Dirisha aliyasema hayo yote kwa Lugha ya Huduma, mara mbili, bila kuacha hata neno, na alijua kwamba mzee haelewi. Hilo lisemwe mapema ili asije mtu akadhani hakujua. Aliyaona macho yake yakimtazama mdomo kama anavyotazama kiatu cha aina ngeni. Basi alifanya alichoweza. Aliteremsha mkono chini ya mahali ambapo kamera ilifika, akainua kidole kimoja.

Fundi viatu alikiona. Akatabasamu, kama mtu aliyepenyezewa siri na mwanawe, akaitikia kwa kichwa, akatia saini yake kwa uangalifu ule ule anaoshonea soli. Bi Dirisha akaweka alama ya vema. Moyoni aliona amefanya wema.

Fundi viatu alifika nyumbani akiitikia, akamwinulia mkewe kidole. "Kimoja," alisema. Mkewe akauliza kimoja lini, naye akasema yule binti wa dirishani amemwonyesha mwenyewe, kimoja. Katika maisha yao marefu hawakuwahi kuona dawa ambayo si ya kila siku. Basi mkewe alimpa kimoja kila asubuhi baada ya chai, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kutunza, hakusahau hata siku moja. Angekuwa mzembe, mumewe angepona.

Kichwa hakikusimama. Siku ya tano kilikuwa bado kinaitikia, na mzee alijifunza kupiga nyundo kwa kufuata mwendo wake. Siku ya tisa mdomo ulijaa vidonda, akaacha kuongea. Wiki ya tatu alifariki, mchana, kitandani kwake, akiitikia. Waliomwandaa kwa mazishi walingoja kidogo kichwa kitulie, kisha wakaacha kungoja, kwa sababu watu walikuwa wameshakusanyika. Waliobeba jeneza walimsikia njia nzima, akigonga ubao taratibu.

Jumatatu iliyofuata Bi Dirisha alipofungua dirisha, fundi viatu alikuwa benchi la mbele, na koti lake la kijivu, mkononi ameshika namba kumi na nne.

Zamu yake ilipofika alikuja dirishani, akaweka pakiti ya vidonge mezani, akangoja. Kichwa kilikwenda juu na chini. Bi Dirisha alimtakia asubuhi njema. Hakujibu marahaba safari hii. Akamweleza dawa kwa Lugha ya Huduma, akamuuliza kama ameelewa, na kwa kuwa alikuwa akiitikia, akaweka alama ya vema. Fundi viatu akachukua pakiti, akaenda kwenye mashine, akabonyeza, akapata namba nyingine, akaketi. Ikawa hivyo kila siku, mara nne au tano kwa siku. Watu wa foleni walinung'unika kidogo kuhusu hizo namba. Mama mmoja mwenye kikohozi alisema mpisheni marehemu amalize shida yake, na mwanamume nyuma yake akasema marehemu ndiye asiye na haraka kuliko wote, angesubiri yeye.

Bwana Hadhi aliandika barua makao makuu kuuliza kama mtu aliyekwisha kufariki ahesabiwe mteja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa karatasi nzuri. Kila aliyeshika namba ni mteja, na kila mteja atahudumiwa kwa Lugha ya Huduma. Mwisho wa mwezi ikaja barua nyingine. Ile kamera ya juu ya kioo ilikuwa na mashine ya kuhesabu vichwa vinavyoitikia, kama kipimo cha kuridhika kwa wateja, na dirisha namba tatu lilikuwa limeyapita madirisha yote ya matawi yote. Bi Dirisha alipewa cheti chenye mhuri. Bwana Hadhi akakipigilia ukutani kwa mikono yake, akarudi nyuma kuona kama kimenyooka. Chini yake fundi viatu alikuwa ameketi akiitikia, na kila alivyoitikia alihesabiwa.

Bi Dirisha alianza kushindwa kula. Mama yake alimuuliza nini, akasema uchovu. Hakuwa na uchovu wowote. Alikuwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa amezoea kuwa nayo, aliidhania ugonjwa, akajipima joto.

Nyumbani kwa fundi viatu mambo yalikuwa yameharibika kwa njia yake. Dada mkubwa wa marehemu, mwalimu mstaafu, mwanamke wa kusimama wima hata akiwa ameketi, alikuja hospitalini kutaka kujua ndugu yake alikufa na nini. Bwana Hadhi alimpa nakala ya fomu. Mwalimu aliijua Lugha ya Huduma, aliifundisha miaka thelathini na tatu. Alisoma kwamba dawa ni ya mara moja kwa wiki, akasoma "Mteja ameelewa", akaiona saini ya ndugu yake. Akaikunja karatasi mara nne, akaenda nayo moja kwa moja kwa mjane. Kama mume alielewa, na kidonge kilitolewa kila siku, na anayetoa ni mke, basi hesabu yake ilikuwa fupi. Aliita kikao cha familia siku ya Jumamosi. Kabla ya Jumamosi kufika, wajukuu walikuwa wameshakatazwa kupokea hata maji kutoka kwa bibi yao.

Siku ya Alhamisi mjane alikuja dirishani. Hakuvaa nguo ya maana. Alikuja na kanga za nyumbani na pakiti tupu ya vidonge, na alikuwa na namba, maana mlinzi asingempitisha bila namba. Kwenye benchi alikaa karibu na mumewe. Alimweka sawa ukosi wa koti, kama alivyozoea, na hawakusemeshana, mmoja kwa kuwa hakuwa na la kusema na mwingine kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuitikia.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya kioo akasema anataka kujua mumewe aliambiwa nini siku ile.

Bi Dirisha alimjibu kwa Lugha ya Huduma. Alimwambia kwamba maelezo yote ya dawa yako kwenye fomu, na fomu imekwisha kutolewa kwa familia. Sauti yake ilikuwa nyororo, ile ya dirishani. Akamuuliza kama ameelewa.

"Sijaelewa," alisema mjane.

Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa dirishani hapo tangu hospitali ijengwe. Bi Dirisha aliitazama fomu. Palikuwa na kisanduku kimoja tu. Akarudia maelezo tangu mwanzo, polepole zaidi, kwa Lugha ya Huduma, akauliza tena.

"Bado sijaelewa," alisema mjane. Hakupandisha sauti. "Mimi sikusoma, binti yangu. Leo sioni haya kusema, haya zangu zimeishia wiki hii. Nilimpa kimoja kila siku, kwa mkono huu. Wanangu hawali tena nilichopika. Jumamosi naulizwa. Niambie nikawajibu nini."

Bwana Hadhi alitoka ofisini kwake akasimama nyuma ya stuli, tai ikiwa ile ya bluu. Bi Dirisha aliinua macho, akaiona kamera, akaliona tangazo, akakiona cheti chake upande wa pili wa ukumbi, kimenyooka sawasawa. Baadaye alijilaumu kwamba wakati huo hakumfikiria mama yake hata kidogo. Alichofikiria ni kidole chake.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu mjane. Na kutoka kwenye benchi, sauti nyingine, kavu kidogo kwa kukaa muda bila kutumika, ikasema marahaba.

"Kilikuwa kimoja kwa wiki," alisema Bi Dirisha. Maneno yalimtoka yakiwa na moto. "Jumatatu mpaka Jumatatu. Nilimwambia kwa lugha yao, na nilijua haelewi. Nilimwona. Halafu nikamwonyesha kidole, nikajiona nimemsaidia. Wewe huna kosa lolote, mama. Ulimpa kama alivyoambiwa. Kosa ni langu, na la hilo bango, na la mwanaharamu aliyeliandika."

Kichwa cha fundi viatu kilipunguza mwendo, kama cherehani mtu akiondoa mguu, kikasimama. Akainua kidole chake kimoja mbele ya macho, akakiangalia mbele na nyuma, akakishusha.

"Kumbe," alisema.

Aliinuka, akaja dirishani, akaiweka pakiti yake mezani na ile karatasi ya namba juu yake. Akamtazama mkewe, akamgusa bega, akatoka kwa mguu kupitia getini. Mlinzi alimwandika kwenye daftari kwamba ametoka saa nne na dakika kumi.

Mjane aliendelea kusimama. "Kwa wiki," alirudia, polepole, kama anayeonja kitu. Kisha akamwomba Bi Dirisha aje Jumamosi ayaseme hayo hayo mbele ya wifi yake. Bi Dirisha akasema atakuja.

Barua iliandikwa mchana huo huo. Kamera ilikuwa imenasa kila kitu, lakini mashine yake ilijua Lugha ya Huduma peke yake, na mahali pa maneno yale iliandika: kelele, dakika moja na nusu. Fomu ya fundi viatu ilibaki vilevile, alama ya vema mahali pake. Bwana Hadhi alimpa Bi Dirisha barua ya kuachishwa kazi kwenye ukumbi wa nyuma, kati ya mitungi ya gesi na ndoo za kupigia deki, mahali ambapo wateja hawafiki na Kanuni ya Saba haina nguvu. Kwa hiyo aliongea lugha ya nyumbani. Alisema yeye hana la kufanya. Alisema hata mama yake mzazi anatibiwa hapa, naye humsomea pakiti zake akirudi nyumbani jioni, ili asikosee.

"Na wasio na mtoto msimamizi?" aliuliza Bi Dirisha.

Bwana Hadhi alirekebisha tai, akasema wengi huwa na mtu. Kisha akampa kalamu atie saini ya kupokea. Kwenye barua palikuwa na kisanduku cha kuelewa. Kilikuwa kimeshawekwa alama.

Jumamosi Bi Dirisha alifika kwa mjane saa tatu asubuhi. Viti vilikuwa vimepangwa sebuleni, wajomba wawili, shangazi mmoja, watoto wakubwa wa marehemu, na mwalimu mstaafu kwenye kiti cha katikati, karatasi iliyokunjwa mara nne magotini. Mjane alikaa mkekani karibu na mlango, kama mtu wa kutumwa. Alikuwa amepika chai. Vikombe vilikuwa vimejaa mezani na hakuna aliyevigusa, na juu ya kila kimoja palikuwa pameshafanya utando.

Bi Dirisha alichukua kikombe kimoja akakinywa chote, chai ikiwa baridi. Kisha akayasema yote. Alisema kuhusu kanuni, kuhusu macho ya mzee, kuhusu kidole. Alikiinua wakione. Alisema yeye ndiye aliyeweka alama ya vema, na huiweka kwa kila mtu, na katika miaka tisa hajawahi kuona fomu isiyo na alama hiyo.

Wajomba walitazamana. Ilionekana wanataka kuamini, na mmojawao mkono ulikuwa umeanza kwenda kwenye kikombe.

"Ngoja kwanza," alisema mwalimu mstaafu. "Unasema ndugu yangu alisimama pale mbele za watu, akaambiwa maneno ya kawaida kabisa, asielewe?"

"Ndiyo, mwalimu. Hakuelewa."

"Ndugu yangu mimi."

"Hakuelewa, mwalimu. Wengi hawaelewi."

Mwalimu aliikunjua karatasi, akailaza mezani kati ya vikombe, akaipigapiga kwa kucha. Alisema nyumba yao haikutoa mbumbumbu. Alisema yeye alianza kumfundisha ndugu yake lugha hiyo jikoni, akiwa na miaka sita, kwa kuandika na mkaa sakafuni, na mtu asije hapa, aliyefukuzwa kazi, akamtukana marehemu ili kumwokoa aliyemuua. Aliyasema hayo wima, na midomo ilikuwa inamcheza. Bi Dirisha aliona kwamba mama huyu angekubali ndugu yake awe ameuawa, mara kumi, kuliko awe hakuelewa. Lugha ile ilikuwa imeshaketi sebuleni zamani, kabla ya hospitali, kabla ya kamera.

Mjomba aliurudisha mkono wake mapajani. Mtoto mkubwa wa marehemu aliomba kura isipigwe, itoshe kwamba mama aondoke kwa amani. Mjane alisimama, akakusanya vikombe kimoja kimoja, akavimwaga nje kwenye maua, akaviosha, akavipanga. Jioni alikuwa kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji, na begi moja.

Jumatatu fundi viatu alikuwa kwenye benchi tena. Safari hii hakuchukua namba. Kichwa kilikuwa kikienda kushoto na kulia, taratibu, kushoto na kulia, na hakuacha hata wakati wa mapumziko ya mchana. Mashine ya makao makuu ilikuwa imefundishwa kuhesabu vichwa vinavyokwenda juu na chini tu, hivyo haikumwandika popote. Wafagizi walimwomba ainue miguu, akaiinua, wakafagia, akaishusha. Baada ya siku chache watu walianza kuwekea mikoba juu ya mapaja yake foleni inapokuwa ndefu, maana alikuwa hapotezi kitu.

Bi Dirisha alirudi pale baada ya miezi miwili, kwa upande wa pili wa kioo, na miguu yake. Kadi ya matibabu ilikuwa imekatwa, presha ya mama yake ilikuwa imepanda, na hospitali nyingine ilikuwa mbali mno kwa mama yake kusafiri. Mama yake alivaa gauni lake la maana na shanga. Alikuwa amejipaka poda. Walikaa kwenye benchi la mbele, na Bi Dirisha akamwamkia fundi viatu, naye akaitikia marahaba bila kichwa kuacha kukataa.

Namba ilipoitwa, waliinuka wote wawili, lakini mlinzi alinyoosha mkono. Mteja ni mmoja, alisema, kanuni mpya. Basi Bi Dirisha alisimama hatua mbili nyuma, na mama yake akaenda mwenyewe.

Mgawa dawa mpya alikuwa binti mwenye macho mema. Alimtakia mama asubuhi njema. Alimweleza dawa zake kwa Lugha ya Huduma, polepole, kwa sauti nyororo, na nyuma yake ukutani palikuwa na kile cheti, kimehamishiwa ndani. Mama alimtazama mdomoni. Binti alisita. Kisha mkono wake ukateremka chini ya mahali ambapo kamera inafika, na kidole kimoja kikainuka.

Mama yake akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Kimoja kwa siku, au kwa wiki?" Bi Dirisha aliuliza kwa nguvu, kwa lugha ya nyumbani, kutoka pale alipokuwa. "Mwambie. Fungua mdomo umwambie."

Binti aliitazama kamera. Kidole kikashuka. Alirudia maelezo yote tangu mwanzo, polepole zaidi, kwa Lugha ya Huduma, na machozi yalikuwa yamemjaa, na hakukosea hata neno moja. Mama aliona aibu kwa kelele za mwanawe mbele za watu, akaitikia kwa bidii zaidi ili yaishe.

Mama yake alikuwa na wa kumsomea. Nyuma yao kwenye foleni walikuwepo watu thelathini na mmoja, wamevaa nguo zao za maana. Mama alitia saini, akachukua pakiti, akageuka, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda juu na chini. Bi Dirisha alikishika kwa mikono miwili, akakibana, na mikono yake ikaanza kwenda juu na chini pamoja nacho. Kwenye benchi fundi viatu alikuwa akikataa. Binti aliweka alama kwenye kisanduku, akajifuta macho kwa mkono wa koti, akaita namba inayofuata.